Kizibao cha Kumi na Mbili

Hakuna neno linalotoka na kosa katika fremu yangu ya duka pale Mabatini. Mteja akiniletea tangazo la "uduma ya usafiri", nairudisha ile h kabla sijawasha mashine, na simtozi chochote, maana naifanya kwa ajili ya lugha. Nina stashahada ya uandishi wa habari. Gazeti lililoniajiri lilifungwa kabla sijamaliza mwaka, nikanunua mashine ya kubandika maandishi kwa joto, na sasa natengeneza fulana, mabango, kadi za michango ya harusi na vizibao vya reflekta.

Vizibao ndivyo alivyoniletea mzee Machibya, Jumatano moja saa nne asubuhi. Vilikuwa kumi na viwili, vya njano, bado vina harufu ya plastiki. Mzee Machibya ni mwenyekiti wa watu wa baiskeli wa gatini, pale kinapofikia kivuko kinachotoka Kamanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa na majina kumi na mawili. Chini ya kumi na moja aliandika MWENDESHA, kwa herufi kubwa zilizolala upande. Chini ya jina la mwisho, EVELINA, hapakuwa na kitu.

Nikamuuliza kama amesahau. Akasema hajasahau, huyo ni mpanda.

Nilimweleza, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno, kwamba mpanda baiskeli na mwendesha baiskeli ni mtu yule yule. Nikaitoa kamusi chini ya meza. Aliitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyevaa viatu vya baba yake, kisha akaniuliza:

"Hiyo kamusi yako imewahi kupanda mlima wa Igogo?"

Aliyekuja naye, kijana mwenye mdomo aitwaye Pius, akacheka hadi akashika mlango. Akasema Mhaya ukimpa karatasi ya sokoni ataisahihisha kwanza ndipo anunue nyanya. Nikamwambia Msukuma ukimpa nyanya ataipakia kwenye baiskeli kwanza ndipo aulize inaenda wapi. Tukacheka wote, na mzee Machibya akaondoka na kauli moja tu: mpanda anabeba magunia, mwendesha anabeba watu. Basi.

Mimi sikuona basi. Niliona wanaume kumi na mmoja wenye neno na mwanamke mmoja asiye nalo. Nilikuwa nimewahi kumwona huyo Evelina kwa mbali, akisukuma pedali na ndizi zimemzidi kimo, na niliambiwa yuko gatini mwaka wa nne. Kwa hiyo Alhamisi, nilipofika kwenye kizibao cha kumi na mbili, nilipanga herufi za jina lake, na chini yake nikapanga M, W, E, N, D, E, S, H, A. Nikashusha pasi ya mashine, nikahesabu hadi ishirini. Nilijisikia nimetenda haki, na usiku nililala vizuri.

Jumamosi mchana, saa chache baada ya vizibao kugawiwa, Evelina aliingia dukani. Ni mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na kidogo, mwenye mabega ya mtu anayechota maji mbali. Alivaa gauni juu ya suruali ya jinzi, na kizibao alikuwa amekikunja vizuri kama kanga mpya. Alikiweka mezani.

"Dada, wewe ndiye uliyeandika hapa?"

Nikasema ni mimi, nikingoja shukrani.

"Umenipa kitu ambacho si chako kutoa."

Alivuta kiti akakaa, akanieleza bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwa miaka minne amebeba ndizi, dagaa, mkaa, mabati, mara moja hata jeneza tupu. Alilitaka neno lile tangu wiki ya kwanza. Kikundi kimekubaliana kuanzia Jumatatu wenye neno mgongoni wasimame ndani ya geti, pale abiria wanaposhukia kwenye kivuko, na wasio nalo wasimame barabarani pamoja na mikokoteni. Kwa hiyo kizibao changu kingemweka ndani. Lakini kule juu, katikati ya mawe ya Igogo, njia inakuwa nyembamba kiasi kwamba bodaboda zinaishia chini, na anayeshuka kwenye kivuko na homa, au na mimba, au na miguu mibovu, anatafuta mtu wa baiskeli. Anasoma mgongo. Anakaa.

"Angesoma mgongo wangu akaamini," alisema. "Na mimi sijawahi kupandisha mtu hata mmoja mpaka juu akiwa ameniamini njia nzima."

Nilisema nitayabandua maandishi. Nilijua wakati nasema kwamba herufi zile hazibanduki bila kuchoma kitambaa, na nadhani naye alijua. Akatikisa kichwa.

"Usiyatoe. Njoo ukae."

Ndipo akaniambia jinsi neno linavyopatikana. Sitaongeza chumvi; nitaandika kama alivyosema. Anayelitaka hutafuta mtu asiye ndugu yake wala mwanakikundi, akubali mwenyewe kukaa kwenye keria. Hukaa upande, mikono juu ya mapaja yake, na hashiki kitu: si kiti, si keria, si kiuno cha anayeendesha. Safari inaanzia getini hadi juu, kwenye kioski cha maji cha Modesta. Wanapofika, kabla mguu wa anayeendesha haujagusa ardhi, mwenyekiti humuuliza aliyebebwa swali moja: ulishika? Akijibu kwamba alishika, basi aliyempandisha ni mpanda, arudi kwenye magunia yake. Mguu ukishagusa ardhi, safari imekwisha, na majibu yamekwisha.

Hakuna anayewafuata njiani kuchungulia. Shahidi ni mzigo wenyewe.

Wanaume hupata mtu wa kukaa ndani ya siku moja, alisema, kwa sababu watu wakiona mashavu ya miguu ya mwanaume wanatulia. Yeye katika miaka minne amempata mmoja tu, Modesta mwenyewe wa kioski, mwaka jana. Modesta alishika pale kwenye mtaro wa njiani.

"Ulimlaumu?" nikauliza.

"Mtu akishika, kosa si lake. Mwili wake umekataa kuniamini. Siwezi kuudai."

Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonitoa dukani: "Nimechoka kubeba vitu visivyosema."

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilikuwa getini. Kizibao kilikuwa ndani ya mfuko wangu wa begani. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, jeupe, na korongo wenye miguu mirefu walisimama kwenye mawe kama watu waliofika mapema ofisini. Pius alikuwepo na wenzake. Aliponiona akaniuliza kama nimekuja na kamusi, maana nikianguka nitahitaji kujua kuanguka kunaandikwaje. Mzee Machibya hakucheka. Alisema yeye na Pius watatangulia kwa miguu kwa njia ya mkato, wakatungojee juu. Alipita kwa Evelina, akaibonyeza tairi ya nyuma kwa kidole gumba.

Nilikaa. Keria ilikuwa imefungwa gunia lililokunjwa, joto la jua tayari limo ndani yake. Nikaweka mikono mapajani. Evelina akauliza kama niko tayari, nikasema ndiyo, na barabara ikaanza kuondoka chini ya viatu vyangu.

Sehemu ya tambarare ilinidanganya. Nilidhani jambo lenyewe ni hilo: upepo, mnyororo unaoimba kidogo, watoto wanaotoka kanisani wakinipungia. Kisha njia ikainuka. Ikaacha lami, ikaingia katikati ya nyumba, na mawe yakaanza kutusogelea, mawe makubwa ya mviringo yaliyobebana, yenye nyumba juu yake na nguo zilizoanikwa juu ya nyumba. Mgongo wa Evelina ulibadilika. Nilikuwa nimeugeuzia bega, karibu kiasi cha kuona uzi ulioshona ukosi wake, nikauona ukijaa na kupungua, polepole kuliko nilivyotarajia. Hakuinuka kwenye kiti. Hakuhema kwa sauti. Pedali ilishuka, ikangoja, ikashuka nyingine.

Tulifika kwenye mtaro. Unakatiza njia kwa mshazari, umefunikwa na bamba moja la zege lililopasuka, na upande wa chini hakuna ukuta. Kuna hewa, kisha mabati ya paa la mtu. Tairi ya mbele ikapanda bamba. Baiskeli ikainama upande wa paa.

Mkono wangu wa kulia ukashika kiuno chake.

Sikuutuma. Ulikuwepo tu pale, ukiwa umekamata gauni lake pamoja na nyama kidogo, na kabla sijaufahamu tulikuwa tumeshavuka. Niliuondoa kama mtu aliyegusa chungu cha moto. Evelina hakugeuka. Hakubadili mwendo. Pedali ilishuka, ikangoja, ikashuka nyingine, hadi juu.

Kioski cha Modesta kiko kwenye kiwanja kidogo cha saruji, ukubwa wa vyumba viwili, na chini yake mji wote na ziwa vimelala. Modesta alikuwa ndani ya dirisha lake na ndoo za watu zimepangwa foleni. Mzee Machibya na Pius walikuwa wamesimama. Evelina hakusimama. Alianza kuzunguka kiwanja kile taratibu, taratibu sana, kwa mwendo ambao mimi peke yangu kwenye baiskeli ningeanguka, na mimi nikizunguka pamoja naye, nikimwona mzee Machibya akipita mbele yangu, kisha ziwa, kisha ndoo, kisha mzee Machibya tena.

"Ulishika?" akauliza.

Hakuna aliyeuona mtaro kutoka pale. Nilikuwa na maneno mawili mdomoni, yote mafupi, na moja lingemweka Evelina ndani ya geti kesho yake asubuhi. Mimi ndiye niliyekwisha kuliandika neno lile mara moja bila kujua ni nini. Sasa nilikuwa nimeombwa kuliandika mara ya pili.

"Nilishika," nikasema. "Kwenye mtaro."

Ziwa likapita. Ndoo zikapita. Modesta aliinamisha uso nyuma ya dirisha lake. Pius, ambaye nilidhani atacheka, aliangalia viatu vyake, akasema chinichini kwamba basi, amebaki mpanda, ashuke apumzike.

"Sijashuka," Evelina akasema.

Sauti yake ilikuwa ile ile ya dukani kwangu. Mzee Machibya akainua kichwa. Evelina aliendelea kuzunguka, na kila alipopita mbele yake alimpa kipande cha maneno: mguu wake haujagusa chini, safari haijakwisha, njia ya kurudi getini iko pale pale, na abiria wake yuko bado kwenye keria, kama atakubali.

Mzee alitufuata kwa macho mzunguko mzima. Nilimwona anaitafuta sheria ya kumkatalia, nikamwona anaikosa.

"Hakuna aliyewahi kuomba," alisema hatimaye.

"Ndiyo, baba."

"Unajua umetoka kupanda sasa hivi."

"Najua, baba."

Akanitazama mimi. Nikarudisha mikono mapajani, na hilo likawa jibu.

Tukashuka. Sijui kama nitaweza kueleza kushuka kule. Kupanda unaliona jiwe kabla halijakufikia. Kushuka unaliona likiwa limeshapita. Breki zilinuka mpira. Nilikuwa nimekaza kila nilicho nacho, hadi meno, na nilikuwa nikiegemea upande wa mlima kila tulipopinda, nikidhani nafanya vizuri. Tulipofika tambarare, Evelina akasema bila kugeuka:

"Usinisaidie."

Nikamuuliza namsaidia vipi.

"Ukiinama unanisaidia. Ukikaza mgongo unanisaidia. Acha. Kaa kama uko kwenu Bukoba, unasubiri chai."

Getini aligeuza baiskeli mbele ya wenzake wote, bila kuweka mguu, na wale wanaume waliokuwa wakipiga soga wakageuka mmoja mmoja. Mwendesha mmoja mzee akavua kofia yake. Hakuna aliyemwambia avue. Sidhani kama alijua amevua.

Safari hii nilijaribu kutomsaidia. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa kukaa. Niliufikiria mgongo wa mama yangu kwenye kigoda. Nilifikiria birika. Njia ikainuka, mawe yakaja, na kidogo kidogo nikaanza kuvisikia vitu ambavyo mara ya kwanza hofu ilivifunika. Nilisikia tairi ikichagua: hapa mchanga, hapa jiwe, hapa mchanga tena. Nilisikia kwamba kabla ya kila mtikiso, Evelina anavuta pumzi nusu, na mtikiso unapofika unakuta baiskeli imeshalegezwa kuupokea. Hakuna jiwe lililotukuta hatujajiandaa. Mwanamke huyu aliijua njia ile kama mimi ninavyoijua sentensi, alijua uzito uko wapi na pumziko liko wapi, na alikuwa akinipitisha humo kwa miguu yake iliyokwisha kupanda mlima ule mara moja asubuhi ile. Jasho lilikuwa limechora ramani nzima mgongoni mwake. Mwendo haukubadilika. Pedali ilishuka, ikangoja, ikashuka nyingine.

Mtaro ukaja. Nililiona bamba, nililiona paa la mtu kule chini, lina tairi kuukuu na kiatu kimoja cha mtoto. Nikaigeuza mikono yangu juu, viganja wazi, kama ninavyofanya kanisani. Tairi ya mbele ikapanda. Evelina akavuta pumzi nusu. Baiskeli ikainama kuelekea hewani, na mimi nikainama nayo, nikiwa mzito kama nilivyo, nisiyemsaidia mtu, na kwa muda wa kufumba jicho hapakuwa na kitu chochote duniani kilichonishika isipokuwa ustadi wa mtu mwingine.

Kisha tukawa upande wa pili, na nikagundua kwamba nalia, na sikuwa na hofu hata kidogo.

Kiwanja cha saruji. Ziwa, ndoo, mzee Machibya. Safari hii alikuwa amesogea hadi katikati, tukawa tunamzunguka yeye.

"Ulishika?"

"Sikushika."

Akangoja tumalize mzunguko. Sikujua kama ndivyo desturi au kama alitaka kutazama mara moja zaidi.

"Shuka, mwendesha," akasema.

Evelina akaweka mguu chini. Akayumba, akashika dirisha la Modesta, akacheka kicheko kifupi cha kushangaa, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Pius alikimbilia baiskeli isianguke. Aliishika kwa mikono miwili, akaiegemeza ukutani taratibu.

Nikakitoa kizibao mfukoni, nikakikunjua. Herufi zangu zilikuwa pale, zimenyooka, hazina kosa hata moja, na niliona aibu kwa jinsi zilivyokuwa nyepesi. Nilimpa. Alikivaa juu ya gauni lililolowa, akakifunga, wala hakugeuza shingo kujaribu kusoma mgongo wake. Waliosoma ni sisi.

Modesta alikuwa ametoka nje. Mwanamke mnene wa makamo, mwenye ndala zisizofanana. Alikuwa amelifunga dirisha la kioski, foleni ya ndoo ikamnung'unikia, akaiambia isubiri. Akaikaribia baiskeli, akalipapasa gunia la keria.

"Mwendesha," akamwambia Evelina, "nina shida gatini. Nipeleke."

Hakuwa na shida yoyote gatini. Tulijua wote. Evelina alimtazama, akafuta uso kwa mkono, akaenda kuchukua baiskeli yake kwa Pius. Miguu ilikuwa bado inamtetemeka. Alivuta pumzi, na niliona kutetemeka kule kukiisha, kuanzia mapajani kwenda chini, kama maji yanavyotulia ndani ya ndoo.

"Karibu, mama. Kaa."

Modesta akakaa upande. Akatazama mikono yake, akaiweka mapajani, moja juu ya nyingine. Wakaingia kati ya mawe, njano ikaonekana, ikapotea, ikaonekana tena chini zaidi, kisha tukabaki na ziwa peke yake.

Mzee Machibya aliniuliza nitarudi vipi. Nikamwambia nitatembea. Nilitembea hadi Mabatini, njia yote, na viganja vyangu niliviacha wazi.